Mguu Uliozikwa Burma

Mpendwa Bwana Mshauri, naomba msaada wako maana nimefika mwisho wa akili, mume wangu Amri kafungwa miaka miwili Lindi na mwenye kosa ni mimi. Mjomba wake Mbaruku alikatwa mguu vitani Burma, Serikali ikawa inampa pensheni, mwaka jana akafariki, na siku ya arobaini wazee wakamrithisha Amri jina kwa desturi yetu Wamwera, tangu hapo yeye ndiye Mbaruku, hata watoto wa marehemu wanamwita baba, nami nikamwambia, umepewa jina na watoto, kachukue na pensheni, ama utawalisha nini? Akaenda Nachingwea na kadi ya marehemu, karani akiita jina tu wala hatazami miguu, miezi minne ikapita, hadi akaja bwana mgeni kukagua pensheni, akamuuliza, Mbaruku, mguu wako uliokatwa uko wapi? Akajibu, "Umezikwa Burma, Bwana." Hakimu akasema huyu mwizi na dharau juu yake. Wallahi hakudharau, ndivyo alivyorithishwa! Sasa karani wa gereza kamwandikia rufaa, "Mimi ni Amri, si Mbaruku," naye Amri kagoma kutia dole gumba, anasema akilikana jina kamzika mjomba mara ya pili. Zimebaki siku tisa za kukata rufaa, watoto saba wa nyumba mbili, wangu na wa mjane wa marehemu, wananitazama mimi, wala sijamwambia mtu kuwa ndimi niliyemtuma. Nifanye nini?

Ashura, Lionja

Bibi Ashura, pole, tena pole sana. Lakini acha nikugombeze: jina hurithiwa, watoto hurithiwa, mguu uliokatwa haurithiwi hata siku moja! Kwa nini hukwenda kwanza bomani kuuliza haki ya mjane? Ulishuku jibu, ndiyo maana hata leo umenyamaza.

Jibu hili nalitanguliza kwa posta, maana ukingoja gazeti siku tisa zitakuwa zimekwisha. Panda lori la kwanza la Lindi. Karani aichane karatasi ile, aandike kwamba mumeo alizaliwa Amri, akarithishwa Mbaruku, na alidhani pensheni hufuata jina. Hapo hakani kitu. Nenda na wazee wawili waliomrithisha, waape. Nawe uape kuwa ulimtuma. Unaogopa kufungwa? Ogopa, lakini sema.

Sikufichi, huenda wakapunguza kidogo, huenda wasipunguze hata siku moja. Kwa hiyo wewe na mjane shikeni majembe, msingoje mwanamume.

Na Amri mwambie hivi: akiulizwa tena mguu uko wapi, ajibu, "Wa mjomba uko Burma. Yangu ni hii miwili, na watoto saba wanaingoja nyumbani."