Mabakuli ya Mwanamkasi

Barabara ya Kumi na Tatu,
Ngamiani, Tanga.
Jumatano.

Kwako dada yangu Hasina,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Masoud na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Mvua imenyesha wiki nzima, na bati la uani linavuja palepale siku zote, juu ya pipa la unga.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nikwambie ukweli, dada: una tabia mbaya ya kufungulia sauti zangu kwa kelele mbele ya wakwe zako. Siku ile nilipokueleza habari za tumbo langu, aliyenijibu ni mama mkwe wako. Haya ya leo si ya wakwe. Barua nimempa Hatibu, dereva wa lori linalokuja huko Lindi, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Uliniuliza kwa nini Baba kakonda vile kwenye picha ya Idi, nikakujibu ni joto. Halafu ukanitania kuwa mimi nimenawiri, mashavu yamejaa, ati talaka imenikubali. Nikacheka. Humu nitakujibu vizuri, ila niache kwanza niteme kilichonijaa kifuani kuhusu Mwanamkasi.

Mwanamkasi ni mke wa Suleimani fundi baiskeli, tunayepakana naye ukuta. Ulimwona kwenye matanga ya Mama, yule aliyekuwa akigawa kahawa. Dada, yule mwanamke ananikera. Anapiga hodi akiwa keshafika sebuleni. Akiingia lazima azipange ndara zetu mlangoni, kushoto kwa kulia, kama kwamba wenye nyumba hatuna macho. Baba akisimulia kisa chake cha bandarini, cha nahodha Mgiriki na mbuzi, yeye anaanza kucheka mbuzi bado hajatokea. Na ukimsifu kwa lolote anainamisha kichwa, anasema mie nimebahatisha tu. Kila siku anabahatisha! Mtu gani huyo wa kubahatisha siku zote na asikosee hata mara moja?

Linalonichoma kuliko yote ni kwamba anamwita Baba "baba". Si mzee Badru, si baba Hasina. Baba, hivihivi, kama amezaliwa tumbo moja na sisi. Na Baba anaitika.

Kisha chakula. Unajua baada ya Mama kufariki Baba alikaa mwaka mzima peke yake kabla mimi sijarudi kutoka Korogwe na virago vyangu. Mwaka huo alikuwa akilishwa na Mwanamkasi. Niliporudi nilidhani ataacha, maana binti wa nyumba keshafika. Hakuacha. Kila adhuhuri, kabla sufuria yangu haijachemka vizuri, bakuli linapitishwa juu ya ukuta wa uani: mseto wa choroko na mchuzi wa nguru. Baba meno yake unayajua yalivyobaki. Chakula changu alikisifu kwa adabu, akashukuru, akakisogeza pembeni. Bakuli la Mwanamkasi alilipangusa kwa kidole.

Nawe unajua kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mwanzoni nilijitahidi. Nilipika kaimati, nikaweka bakulini nipeleke. Baba akaonja moja, akatafuna muda mrefu, akaniambia mwanangu, hizi usimpelekee, mpelekee ndizi tu. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Tangu siku ile bakuli nililirudisha kwa nadra, siku nikipata ndizi.

Na mwezi uliopita yule bibi kazidisha. Kaanza kuleta chakula kwenye kopo la plastiki la aiskrimu, lina picha ya stroberi ubavuni. Nikasema moyoni, haya, ndivyo anavyotuona siku hizi, watu wa kopo. Nilikasirika siku tatu.

Basi Alhamisi iliyopita nilimpeleka Baba kliniki ya presha. Walipompima, alikuwa amepungua kilo saba tangu mwezi wa tatu. Muuguzi akamuuliza anakula nini. Baba akajibu kuwa anakula anachopikiwa na binti yake, na ni chakula kizuri. Muuguzi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaandika. Tulipokuwa tunarudi, ndani ya bajaji, Baba akaniuliza polepole kama najua tulimkosea nini Mwanamkasi hata akatukatia mkono wake. Alisema amefikiri sana asipate jibu. Ndiyo sababu siku hizi hakai barazani, asije akamtia haya akipita, na akimsikia anapiga hodi hujifanya kalala. Nikamjibu kuwa labda amechoka tu.

Dada, kama umesimama, kaa. Mwanamkasi hakukata mkono hata siku moja.

Bakuli lilikuja kila adhuhuri. Nilikuwa nalipokea ukutani, nashukuru, nafunga mlango wa jiko na kula mimi. Nimesimama, bila kijiko, mpaka nalamba vidole. Kisha nampakulia Baba wali wangu. Siku ya kwanza ilikuwa hasira tu, nilitaka nijue ana kitu gani ambacho mimi sina. Tonge la kwanza lilinijibu. Ni mseto wa Mama, Hasina. Wa Mama mwenyewe, ule wa siku za mvua tulizokuwa tukigombania ukoko. Nikalia, na huku nalia nikaendelea kula. Kesho yake nikafanya vilevile. Miezi mitatu! Mashavu uliyoyasifu kwenye picha ni ya Baba.

Mabakuli niliyasukuma uvunguni mwa kitanda. Kuyarudisha tupu haiwezekani, na vya kutia vyangu nilivionea haya. Yalifika kumi na moja. Hakudai hata moja, maana nani mtaani kwetu anadai bakuli? Siku ile ya kliniki nilikwenda kwake nimepania kumsema kuhusu lile kopo, ili aibu yangu nipate pa kuitupa. Nikamkuta na Suleimani na watoto wamezunguka mkeka, wanakula kwenye vifuniko vya sufuria. Aliona ninavyotazama. Akaniambia nisijali, mabakuli yako kwa baba, hayajapotea.

Nilimwambia yote palepale. Suleimani akanyanyuka, akatoka. Mwanamkasi alikusanya vifuniko kimoja kimoja. Nilikuwa namngoja anitukane, wallahi ningefarijika. Mwisho akaniuliza swali moja tu, kama Baba anaamini kuwa yeye ndiye aliyemwacha. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akajifuta kwa ncha ya kanga, akaniambia bakuli lijalo la Baba litatoka mkononi mwangu, nije kesho yake asubuhi na nazi mbili, na nisithubutu kuleta tui la paketi.

Nimekwenda kila siku tangu hapo. Kumbe choroko anazikaanga kwanza, anazivunja, anazipepeta maganda, na tui zito analitia chungu akiwa keshakiepua. Alifundishwa na Mama, mwaka ule wa mwisho. Mama amekaa kwenye kigoda, mwiko umemshinda kushika, anaelekeza kwa kidole. Mwaka ule mimi nilikuwa Korogwe, kila mwezi nikisema nitakuja mwezi ujao. Wewe ulikuwa Lindi. Mwanamkasi alikuwa pale. Nilipokuwa nakuna nazi kwake nikaelewa kuwa kinachoniunguza ni mwaka ule, na kwamba yeye anao na mimi sitaupata. Sikufichi dada, hata ninavyoandika hivi bado namwonea wivu. Na ndara zetu bado anazipanga.

Jana alinikalisha jikoni kwake nipike peke yangu, yeye mikono mapajani, hanielekezi. Nikapakua, nikampelekea Baba. Mwanamkasi akanifuata, akasimama mlangoni. Baba alionja, akafumba macho. Alikula chote bila kuinua uso. Kisha akamwangalia Mwanamkasi, akamwambia ahsante mwanangu, nilijua utatusamehe tu. Akasema mkono huu haufichiki, Zuwena wangu anajitahidi sana maskini, lakini huu hataufikia.

Mwanamkasi akafungua mdomo. Mimi nikamtikisia kichwa, akaufumba. Nikachukua bakuli la Baba, nikamwongezea.

Bado sijamwambia Baba kuwa ni mimi niliyemkondesha. Njoo mwisho wa mwezi, dada, uniketie ubavuni nimwambie, maana peke yangu nimejaribu mara mbili sauti ikagoma. Ukishanisikia, ukitaka kunikasirikia nikasirikie, ila usimkasirikie kabla yangu yule mwanamke kwa lolote. Huo mlango wa kumkasirikia niachie mimi.

Baba anakusalimu sana, ameketi barazani na redio yake. Wabusu watoto, na mama mkwe wako mpe shikamoo zangu, kwa mdomo, si kwa simu. Mola atukutanishe na heri.

Ni mimi mdogo wako,
Zuwena