Prosesa za Kurithishana

Bayan Lepas, 12 Februari 2023

Mwanangu Suraya,

Natumaini hujambo, na kwamba baridi ya Hamburg imeanza kulegea. Mimi mzima, ila goti linanisumbua ninapopanda ngazi.

Kompyuta yangu imezeeka. Naiwasha, naenda kuchemsha chai, narudi, bado inajifikiria. Hata hivyo, prosesa yake hii ya 2011, ubongo wake, naipenda kuliko zote tulizowahi kutumia. Celeron ilikuwa rahisi kwa bei na hodari kwa mbio. Athlon ilikuwa na nguvu, ila ilipasha chumba joto hata marehemu mama yako akataka kukaangia sambusa za karipap juu yake. Hii imefanya kazi kimya, bila kulalamika.

Utaratibu wetu unaujua: nikinunua mpya, yangu hushuka kwenye kompyuta yako siku hiyo hiyo, kompyuta zote mbili zikiwa wazi mezani. Tangu uondoke sijanunua nyingine. Je, utakuja Idi, Hari Raya yetu, tuzifungue?

Baba yako

Hamburg, 19 Februari 2023

Shikamoo Baba,

Goti umempelekea daktari, au bado unalipaka mafuta tu? Mimi sijambo, nimechoka kidogo.

Ya 2011, Baba! Hiyo si prosesa tena, ni babu. Raya sitaweza kuja. Kazi ni mpya na likizo sijapata. Nakutumia prosesa mpya, Ryzen, pamoja na ubao mama unaoibeba. Ya zamani usinitunzie. Siku hizi natumia kompyuta ya mkononi. Prosesa yake imechomelewa ubaoni, haitoki wala haibadilishwi.

Mwanao Suraya

Bayan Lepas, 26 Machi 2023

Mwanangu,

Nakutakia mfungo mwema wa Ramadhani. Saumu inakwenda vizuri, na goti limetulia.

Mzigo ulifika. Niliifunga Ryzen peke yangu. Ikawaka, kisha ikazimika kwa joto. Nikaiwasha tena, ikazimika tena. Nikampigia simu Rosli wa duka la kompyuta.

“Pak Cik, mzee wangu, chini ya kipoza joto kuna karatasi ya plastiki. Uliibandua?”

“Plastiki gani?”

“Lo! Pak Cik umeivalisha koti, halafu unashangaa inatoka jasho!”

Alicheka mpaka mkewe akauliza kuna nini. Nikafungua, nikaikuta. Kubandua plastiki ilikuwa kazi yako tangu ukiwa mdogo. Mimi sijawahi kuifanya.

Sasa inawaka kabla sijaketi vizuri. Hata nafasi ya kuchemsha chai nikiisubiri sina tena.

Baba yako

Hamburg, 28 Machi 2023

Baba,

Hali yangu njema. Nilicheka peke yangu kwenye treni, kisha kicheko kikaniishia. Nimeomba likizo tena, wamekataa. Labda mwakani. Nisamehe.

Suraya

Bayan Lepas, 24 Aprili 2023

Mwanangu Suraya,

Heri ya Raya. Natumaini ulipata mtu wa kula naye. Majirani waliniletea nyama ya rendang, nikala nusu, nyingine ipo kwenye friji.

Jana, wageni walipokwisha kuondoka, niliingia chumbani kwako na kuifungua kompyuta yako. Nimeitia prosesa yangu ya zamani na ubao wake. Diski nimeacha ile ile yako. Uliniambia nisikutunzie, lakini sikuwa na pengine pa kuipeleka.

Imewaka vizuri. Picha yako ikatokea, na chini yake kompyuta ikaniuliza nenosiri. Silijui. Nilikaa kitini pako nikiitazama, kisha nikaiacha ikiwaka.

Usinitumie hilo nenosiri. Njoo uliandike mwenyewe.

Baba yako