Zima Kituo, Baba

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio una maneno mengi.

Nina furaha ya kitoto. Antena mpya imesimama juu ya paa, na sasa kituo changu ndicho pekee kinachodaka redio za magari, kuanzia mlimani hadi mjini kwenu, na kuonyesha kwenye intaneti kila gari lilipo. Ile redio ndogo aliyokufungia mumeo garini inasikika vizuri mno. Nakunywa chai nikikutazama kwenye ramani: nukta nyekundu, nyumbani, sokoni, nyumbani. Mkwe nilimfundisha redio mwenyewe, na naona somo lilimwingia.

Nasikia umeacha kazi ya maabara. Mbona hukuniambia?

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na mgongo. Mimi sijambo.

Kazi sikuacha. Mume wangu alisema njia ya maabara ni ndefu, akanikataza kwenda. Simu yangu anakaa nayo yeye, na barua yako niliikuta imeshafunguliwa. Ukiandika tena, tuma kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Naomba usiniulize zaidi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Umeamkaje? Barua yako ilininyima raha, nikampigia mkwe. Akacheka, akasema umechoka tu, utakaa sawa. Tukaishia kuzungumza habari za antena, nami nikatulia kidogo.

Ila wiki hii nukta yako haijatoka nyumbani kabisa. Gari bovu?

Baba

29 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Naandikia kwa fundi cherehani, huku akijifanya ananipima gauni.

Usimpigie tena. Baada ya simu yako alichukua funguo za gari. Nimerudishiwa juzi, baada ya kuomba radhi kwa kosa nisilolijua.

Baba, ramani unayoitazama wewe, naye anaitazama. Siku moja nilisimama kwa rafiki kunywa maji, na kabla sijamaliza glasi alikuwa mlangoni. Nikiizima redio ya gari, atajua ni mimi. Lakini kituo chako kikizimika, nukta zote zitakwama pamoja, yangu na za wenzako wa redio, naye atadhani ni hitilafu ya huko kwako.

Tarehe kumi na nne Juni ni zamu yangu ya soko. Zima asubuhi. Gari nitaliacha stendi, nipande basi kwenda kwa mama mdogo. Kwako siwezi kuja, ndiko atakakoanza kunitafuta.

Najua wenzako wa redio watakulalamikia. Nisitiri, Baba.

Binti yako

25 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Barua hii namtumia mama mdogo, maana sijui hata kama umefika.

Nilizima nilipoamka. Wenzangu wakaanza kupiga simu, wale wa uokoaji mlimani wakali kuliko wote. Nikawaomba wavumilie.

Alasiri mumeo akaja. Hakupiga hodi, akanyoosha moja kwa moja hadi chumba cha redio.

"Baba, kituo kimekufa?"

Ningeweza kusingizia umeme. Lakini basi lako lilikuwa limeshaondoka, na ulimi ukakataa kumdanganya.

"Hakijafa. Nimekizima."

Akaniomba niwashe, kwanza kwa heshima, kisha bila heshima. Waya wa umeme wa kituo nilikuwa nimeukalia. Alinisukuma, nikashika meza, sikuinuka. Mwishowe akakaa chini, akaikodolea macho ramani iliyoganda mpaka giza likaingia. Akasema yeye alitaka tu kujua uko wapi.

"Hata mimi," nikamwambia. "Miezi yote hii nilikuwa namwona kila siku, na sikujua alipo."

Akaondoka bila kuaga.

Kituo nimekiwasha tena, kwa ajili ya watu wa mlimani. Gari amelichukua stendi. Mwenyewe hajachoka: anapita hapa karibu kila siku, na jana alimsimamisha tarishi barabarani kumuuliza kama nina barua.

Kwa hiyo usinijibu, mwanangu. Usinitumie hata salamu; barua yako akiiona, ataifuata mpaka kwako. Nitakaa dirishani, na kila tarishi akinipita bila kusimama, nitajua hujapatikana.

Mimi, Baba yako