Nyanya Asema Nimeingiza Wanaume Chumbani Kwake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla nyanya yangu hajanikana. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Mtopanga na kazi naipenda, wallahi, ila wateja ramani hawaielewi, huitikia tu, kwa hivyo siku hizi kila chumba nakipiga picha mbili, moja ya jicho la kulia na moja ya la kushoto, naziweka kwenye kiboksi chenye lenzi mbili, na ukichungulia unaona kuta zimekuzunguka, umo ndani kabisa. Sasa tunamjengea nyanya, Bi Kulthum, choo cha ndani maana cha uani kiko mbali na magoti yamechoka, basi alipokwenda harusini Likoni nikapiga picha nyumba nzima na chumba chake pia, nikampa fundi Ngumbao na wenzake wachungulie, Ngumbao akanyoosha mkono ashike kitanda, tukacheka, na habari zikamfikia nyanya. Nampa shikamoo haitikii, na fundi amekatazwa kukanyaga kwake. Nilimwambia ni picha tu, akanijibu, "Umeingiza wanaume chumbani kwangu na kanga zangu zimetundikwa, na mimi sikuulizwa." Nifanyeje?
Ruwaida

Ruwaida mwanangu, umekosa, na unajua. Huwezi kumsifia mteja kwamba akichungulia yumo ndani kabisa, halafu umgeukie nyanya yako umwambie ni picha tu. Chagua moja. Nyumba kama hiyo ndiyo niliyokulia: mgeni mwanamume hukomea barazani, na huko ndani hata mjomba hupiga hodi. Ngumbao simlaumu, yeye alionyeshwa.

Lakini kazi yako imenifurahisha, na nyanya anakihitaji hicho choo kuliko anavyohitaji kukununia. Nenda leo alasiri, ukae chini, uombe radhi bila kutaja lenzi. Picha za chumba zifute mbele yake. Moyo wake ukitulia, mpe achungulie baraza na ua, naamini atapenda, kisha umwulize kama chumba chake kipigwe upya. Akikubali, atandike mwenyewe, na awe wa kwanza kutazama. Akikataa, usimbembeleze, mwandikie Ngumbao vipimo vya ukuta kwenye karatasi, atajenga.

Na kabla hujachora choo, mwulize kibla ni ukuta upi, maana choo hakielekezwi huko. Kiboksi chako hakijui hilo, na aliyeswali humo miaka yote hiyo ni yeye.