Tembo Mwenye Huzuni

Jumatano, Masasi

Eti tembo wangu ana huzuni! Miaka ishirini nimepiga tarumbeta kwenye bendi ya dansi kule Newala, leo mwenye studio ananitaka nitoe mlio wa tembo, wa tangazo la redio la kuwaonya wakulima juu ya tembo wanaovamia mashamba.

"Samahani mzee, rudia kidogo. Huyu sasa anacheza rumba."

Nikapuliza kwa hasira zangu zote. Nje muuza ndizi akatupa beseni, akatimua mbio huku akipiga kelele, "Tembo! Tembo!"

Nilimsimulia mke wangu nikitegemea pole. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Zuhura, kwenye bendi ulikuwa ukipiga, watu wanaendelea kula."

Imeniuma, maana ni kweli.

Jioni nimetoka uani na tarumbeta langu, nikafanya mazoezi ya tembo.