Walipima Saksofoni ya Baba kwa Asidi

Alhamisi. Mvua haijaacha kunyesha hapa Kadutu, Bukavu, tangu asubuhi, matope yamefika mlangoni, na mimi nina hasira tangu jana mchana.

Dada yangu Nsimire alichukua saksofoni ya marehemu baba akaipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu. Hakuniuliza. Jumapili hii ijayo, miaka minne baada ya mazishi, hatimaye familia inakaa kugawana vitu vya baba, naye alitaka kila mtoto ajue gramu zake.

Gramu. Za saksofoni.

Mnunuzi aliikwaruza kwa tupa kwenye ule mdomo mpana, juu ya maua yaliyochongwa kwa mkono na fundi aliyekufa kabla sijazaliwa. Kisha akadondosha asidi. Nilipofika, Nsimire alikuwa ameipakata kama mtoto aliyetoka kuchomwa sindano.

"Dhahabu iko juu-juu tu, papa," mnunuzi aliniambia. "Chini yake argent, fedha ile nyeupe, chini ya argent shaba. Hata pete haitoki."

"Nani alikuambia tunataka pete?"

"Dada yako."

Tunaishi katika mkoa wa dhahabu na tunaijua kwa mizani tu. Watu wa Shabunda wanavunja migongo kuichimba, inauzwa, inaondoka, basi. Sijui dhahabu ya saksofoni hii ilitoka wapi, lakini ni mara pekee maishani nilipoona dhahabu imeletwa Bukavu badala ya kutolewa. Imekuja na wekundu wa chai, na vitufe vya lulu, ikiwa tayari kulia. Sisi tukaiwekea tupa.

Nilipanga kumchana Nsimire hapa, mbele yenu wasomaji, ukurasa mzima. Aya ya tatu ilinikwama.

Faida, mama mmoja anayepuliza saksofoni katika fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia, ameniomba hii ya baba mara tatu. Ya kwake inavuja hewa. Ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Mara zote tatu nilimjibu kwamba jasho la mikono hula dhahabu. Ni kweli, hula. Mahali vidole vya baba vilipokaa, dhahabu imekwisha kabisa na argent inaonekana bila asidi ya mtu yeyote.

Wageni nilikuwa nawaonyesha upande mwingine.

Leo Faida amekuja, maana habari zimeshafika sokoni. Hakujali mkwaruzo.

"Inalia?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Miaka ine unalinda kitu, papa, na haujue kama iko muzima?"

Akaketi, akalowanisha ulimi wa mwanzi wa kupulizia, akapuliza. Noti za chini zilikataa. Ya katikati ikatoka, nzito, na mkwaruzo wake ndani, ikajaa nyumba nzima hadi vikombe vikatetemeka mezani. Nsimire akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama hadi pumzi ya Faida ikaisha.

"Sasa hii," akasema bila kumtazama mtu, "tutaigawa namna gani?"

Nilikuwa na hasira bado, ila sikujua tena niielekeze kwa nani, na mtu pekee aliyebaki chumbani asiye na kazi yoyote alikuwa mimi.

Jumapili nitasimama mbele ya ndugu zangu niseme iende kwa Faida, jasho na yote. Naandika hapa, hadharani, kabla sijapata hoja ya kukataa.

Hoja mimi huwa sizikosi.