Sambusa za Nikahi ya Athmani

Dadangu Fatuma,

Assalaam alaykum. Huko Lamu mwaonaje hali? Goti lako lasemaje, na mama bado yuwakataa dawa? Huku Mombasa sisi wazima, Alhamdulillahi, ila joto tu, na maneno ya majirani wa Kibokoni hayaishi, nami ndo msikilizaji wao.

Umeniuliza kama lile duka la sambusa lingali zuri, tuagize za nikahi ya mwanao Athmani, maana Bi Salma, mamake bibi harusi, ndiye atakaye hivyo. Dada, zuri wapi! Lilikuwa zuri lilipokuwa moja, pale Bondeni, mwenyewe kasimama na karai lake, wapewa sambusa yakuunguza ulimi. Sasa anayo matatu: Bondeni, Mwembe Tayari, na Kizingo kwa wakubwa. Zakaangwa asubuhi mahali pamoja, zatiwa makashani, zapelekwa kwa gari, nawe jioni wapashiwa moto kiporo. Manda nene kama ngozi ya ngoma, ndani viazi vitupu. Ukikiona kima cha nyama kipe salamu zangu. Bei ni ile ile, sambusa ndiyo iliyokonda. Na watu wapanga foleni! Ati kwa kuwa wafungiwa kwa karatasi yenye picha ya jogoo. Wataila karatasi?

Nikamwambia Bi Salma, "Njoo uonje mwenyewe." Nikanunua za duka, nikakaanga na zangu, nikazipanga sinia moja, za duka huku, zangu kule, wala sikumwambia zipi ni zipi. Akaja Alhamisi, buibui kalivua kaliweka mapajani. Akashika ya duka. Akatafuna, akatafuna. Mara naona mkono waingia chini ya buibui na sambusa, watoka mtupu! Nikajikaza nisicheke. Akahamia upande wangu. Akala moja, akala ya pili, ndimu yamchuruzika hadi kwenye bangili.

"Eeh!" yuwasema. "Hizi ndizo za duka! Si nilikwambia? Zile zako, usinune mamangu, manda yake ngumu."

Dada, sasa nifanyeje? Nikimwambia kweli, nimemtahayarisha mkweo nyumbani mwangu, na Athmani mke hajampata bado. Nikinyamaza, watu wa nikahi watafune ngozi ya ngoma, na aibu iwe yetu. Jirani yangu Bi Rukia alikuwapo, kajiziba mdomo kwa leso, mabega yamtikisika.

Nikasema, "Kweli mamangu, wewe una ulimi. Basi kazi ya kuagiza niachie mimi."

"Niagizie nyingi," akasema, "na ziwe hizi hizi."

Hizi hizi atazipata! Basi njoo mapema, uje na mashoga zako wawili wenye mikono myepesi ya kukunja manda. Tutakaangia uani kwangu, mlango tumeukomea. Zile karatasi za jogoo nshaziokota tele, watu wazitupa ovyo njiani.

Nisalimie mama, shemeji yangu mumeo, na wifi yetu mshona kofia, mwambie kanga yake nimempatia.

Na hili la sambusa, dada, lifukie. Mimi mwenyewe sijamwambia mtu, ila Bi Rukia aliyeona kwa macho yake, mke wa mwalimu wa chuoni, na huyu anayekuletea barua.

Ndugu yako akupendaye,
Zainabu